Simu za video ndani ya tovuti yako: ununue ipi, na ufunguo ukae kwa nani

Siku hizi hata zahanati ndogo, kituo cha masomo ya ziada au ofisi ya wakili inataka mteja abofye kitufe kwenye tovuti na aonane na mtu ana kwa ana, bila kupakua programu yoyote. Hilo linawezekana na si ghali kama wengi wanavyodhani. Ugumu uko sokoni: huduma zinafanana kwa sura, zote zinajiita salama, zote zinaahidi kazi itakwisha kwa mistari michache ya msimbo. Ukichagua kwa bei tu, unaweza kunaswa mahali usipoweza kutoka. Ukichagua kwa neno "salama" tu, unaweza kununua huduma ambayo mwenye seva ana uwezo wa kusikia kila neno la wateja wako.

Nimepanga mwongozo huu kwa mfano mmoja: kituo cha afya kinachotaka daktari azungumze na mgonjwa kwa video kupitia kivinjari. Siri ya mgonjwa haina mjadala, na kinachomfaa daktari kitamfaa pia wakili na mshauri nasaha.

Usimbaji unafunguliwa wapi?

Karibu kila huduma utakayoletewa imejengwa juu ya WebRTC, teknolojia ya simu za sauti na video ndani ya kivinjari ambayo Google iliifungua kwa umma mwaka 2011, na W3C, shirika la viwango vya wavuti, ikaipitisha rasmi kuwa kiwango Januari 2021. Vivinjari vyote vikubwa vinayo. Ndani yake usimbaji fiche (kugeuza mawasiliano yasisomeke bila ufunguo) ni lazima: picha na sauti husafiri kwa SRTP, funguo hukubaliwa kwa DTLS, na huwezi kuuzima. Kamera nayo haifunguki kama tovuti haiko kwenye HTTPS. Kwa hiyo muuzaji anayejisifu kwamba simu zake "zimesimbwa" anakutajia kitu ambacho washindani wake wote wanacho.

Muulize usimbaji huo unafunguliwa wapi. Watu wawili wakiunganishwa moja kwa moja, kivinjari kwa kivinjari, hakuna wa katikati anayeufungua. Wakizidi wawili, mpango huo unaelemewa: watu watano wakiunganishwa kila mmoja na mwenzake ni miunganisho 10, na kila kifaa kinalazimika kupandisha video yake mara nne. Hapo ndipo huwekwa seva ya kati iitwayo SFU. Kila mshiriki anapeleka video yake mara moja, SFU inawagawia wengine. Lakini ili ifanye kazi hiyo, SFU hufungua usimbaji wa anayetuma na kusimba upya kwa ajili ya anayepokea. Katikati ya hatua hizo mbili, mwenye seva anaweza kuona na kusikia.

Dawa ni kusimba mara ya pili ndani ya kivinjari, kwa ufunguo ambao seva haiupati kabisa. Huo ndio usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Jitsi, programu huria ya mikutano ya video, waliuonyesha mwaka 2020, na Agosti 2024 IETF, shirika la viwango vya intaneti, ikatoa kiwango chake, SFrame, chini ya namba RFC 9605. Jina hili limewahi kutumika pasipostahili: Zoom ilitangaza kuwa na usimbaji huo wakati funguo zilikuwa kwenye seva zake yenyewe, suala lililoishia kwenye makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, FTC, Novemba 2020. Usimbaji wa kweli waliutoa Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo usilipe kabla hujajibiwa maswali mawili: ufunguo unatengenezwa wapi, na unamfikiaje mtu wa pili? Ujue pia kwamba ukiuwasha, kurekodi kwenye seva hakutawezekana kwa njia ya kawaida. Seva isiyoona picha haina cha kurekodi.

Kama ni watu wawili tu

Kama kila simu yako ni ya daktari na mgonjwa peke yao, usinunue SFU. Andika WebRTC moja kwa moja, weka seva ndogo ya WebSocket (muunganisho unaobaki wazi kati ya kivinjari na seva) ya kuwakutanisha, kisha seva ya TURN, inayopitisha mawasiliano kwa ajili ya wanaoshindwa kufikiana moja kwa moja. coturn, programu ya kuendesha seva hiyo, ni ya bure na inatosha. Wateja wa mitandao ya simu mara nyingi hushirikishwa anwani moja ya IP wakiwa wengi, hivyo TURN ni ya lazima. Bila hiyo baadhi ya wagonjwa watabaki wanatazama skrini nyeusi. TURN hupitisha pakiti zikiwa zimesimbwa bila kuzifungua, kwa hiyo siri inabaki kwa hao wawili. Kinachobaki cha kuaminiwa ni seva ya kuwakutanisha, maana ndiyo inayobeba alama za kutambulisha vyeti vya kila upande, na mwenye nia mbaya akiishika anaweza kujipenyeza katikati. Hiyo iwe yako, wala usiipangishe kwa mtu usiyemjua.

coturn ina mitego miwili ambayo mafundi wengi huipuuza. Wa kwanza ni kuandika nenosiri la kudumu la TURN ndani ya JavaScript, ambako yeyote anaweza kulisoma na kutumia seva yako bure. Coturn ina utaratibu wa nywila za muda mfupi, utumie. Wa pili ni kuiacha ipeleke pakiti kwenye anwani za mtandao wa ndani. Mwaka 2020 ilichapishwa hadharani jinsi seva za TURN za Slack zilivyoweza kutumiwa na mtu wa nje kufikia mtandao wa ndani wa kampuni. Zuia masafa yote ya anwani za ndani, 10.0.0.0/8 na mengineyo, kabla hujafungua mlango kwa umma.

Njia hii inataka fundi anayeelewa anachofanya. Na siku mtakapomhitaji mkalimani, au ndugu wa mgonjwa aliye mkoa mwingine ajiunge, mtahitaji mojawapo ya hizi zifuatazo.

1. LiveKit

SFU hii naiweka ya kwanza kwa sababu ina mlango wa kutokea. Seva yake ni chanzo huria kwa leseni ya Apache 2.0, imeandikwa kwa lugha ya Go juu ya maktaba ya WebRTC iitwayo Pion, na huduma yao ya wingu inatumia API (njia za programu kuwasiliana) zilezile. Unaanza kwa kulipia wingu lao. Bili ikikuzidi, au sheria ikitaka data ikae nchini, unasimamisha seva yako mwenyewe, unabadilisha anwani na funguo, na sehemu kubwa ya msimbo wako inabaki ilivyo.

Anayedhani mlango huo si muhimu akumbuke yaliyowapata wateja wa Twilio Video, huduma ya kulipia ya simu za video. Desemba 2023 kampuni ilitangaza kwamba huduma hiyo itafungwa baada ya mwaka mmoja. Baadaye muda ukasogezwa mbele, na Oktoba 2024 ikatangaza kwamba haifungwi tena. Katikati ya matangazo hayo watu walikuwa wameshatoa bajeti na miezi ya kazi kuhamia kwingine.

Kwa upande wa usalama, anayeingia chumbani anahitaji tokeni ya JWT (kibali cha kidijitali) iliyosainiwa na seva yako, na ndani yake unaandika ataruhusiwa nini na kwa muda gani. Mgonjwa apewe tokeni ya chumba kimoja, inayokwisha muda wa miadi ukipita. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho umo ndani ya maktaba zake. Unauwasha mwenyewe na wewe ndiye unayegawa ufunguo. TURN pia imo ndani, jambo linalokupunguzia kazi.

Kasoro zipo. Ukijiendeshea, chumba kimoja lazima kitoshe kwenye mashine moja; hilo halimgusi daktari, linamgusa anayepanga mhadhara wa maelfu. Kurekodi ni huduma ya pembeni iitwayo Egress, nayo inakula nguvu ya mashine kwelikweli. Tena kampuni yenyewe imeelekeza macho kwenye mawakala wa sauti wa akili mnemba, na nyaraka zake zinaonyesha hivyo. Bado ndiyo ningeinunua leo.

2. Jitsi Meet

Ilianza mwaka 2003 kama mradi wa mwanafunzi, Emil Ivov, katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, na tangu 2018 iko chini ya kampuni ya 8x8. Hapa unachukua programu iliyokamilika: skrini, maongezi ya maandishi, chumba cha kusubiria, vyote vipo. Kwa kituo kisicho na mtengenezaji programu wa kudumu, hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Mashine ya Ubuntu au Debian yenye kore 4 na RAM ya GB 8 inatosha kuanzia. Unafungua bandari ya UDP 10000 pamoja na ya HTTPS, kisha unakipachika chumba ndani ya ukurasa wako. Chumbani wakiwa wawili tu, Jitsi huwaunganisha moja kwa moja bila kupita kwenye seva ya video, na hilo linamfaa sana daktari wetu.

Tahadhari kubwa: ukiisakinisha na kuiacha ilivyo, yeyote anayeijua anwani anaweza kufungua chumba kwenye mashine yako. Washa uthibitisho kwenye Prosody, seva yake ya kuwakutanisha watu, siku ileile. Majina ya vyumba yawe marefu na ya nasibu. "Klinikiyetu" atalikisia hata mtoto. Wala usiwapeleke wagonjwa meet.jit.si ili kuokoa gharama. Ni huduma ya umma, na tangu Agosti 2023 anayefungua chumba huko lazima aingie kwa akaunti ya kampuni ya nje kama Google.

Inashika nafasi ya pili kwa sababu kubadilisha sura na mwenendo wake ni kazi, na Jibri, chombo chake cha kurekodi, kinahudumia rekodi moja tu kwa wakati mmoja.

3. Za kulipia kwa dakika: Amazon Chime SDK, Daily, Agora, Twilio

Hizi hutoza kwa dakika ya mshiriki, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kusaini. Mashauriano 20 kwa siku, ya dakika 30, watu wawili, siku 26 za kazi: ni dakika 31,200 kwa mwezi. Kwa dola 0.004, bei iliyozoeleka kwa Daily, Agora na Twilio, ni dola 124.80. Kwa dola 0.0017 ya Chime SDK ni dola 53.04. Angalia bei upya siku unayonunua, na uulize dakika za bure na gharama ya kurekodi, ambayo hutozwa kando. Ukilinganisha na mshahara wa fundi wa kukesha na seva, kiasi hicho ni kidogo, na kwa anayeanza biashara naona ni halali kabisa kulipa.

Kati ya hizi ningechukua Chime SDK, kwa bei na kwa kuwa inaweza kupitisha video kwenye seva za Cape Town. Ucheleweshaji una uzito: ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, na kila safari ya Ulaya na kurudi inakula sehemu ya posho hiyo. Hata hivyo Cape Town nayo iko ng'ambo ya mkongo wa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Seva iliyoko Dar es Salaam au Nairobi haitegemei mkongo huo kwa simu za ndani ya nchi.

Ukichukua Agora, hakikisha maktaba ni mpya. Februari 2021 kampuni ya usalama ya McAfee ilieleza udhaifu uliosababisha taarifa za kuanzisha simu kusafiri bila kusimbwa. Ulikuwa umerekebishwa Desemba 2020, lakini programu isiyosasishwa inabaki na tundu lake.

4. mediasoup na Janus

Zote ni zana imara za kujengea SFU, na ni za wahandisi. mediasoup ni maktaba ya Node.js na Rust yenye leseni nyepesi ya ISC. Seva ya kuwakutanisha unaijenga mwenyewe. Janus inatoka kwa Meetecho wa Napoli, Italia, kwa leseni ya GPLv3, isome kama utaisambaza ndani ya bidhaa yako. Kama huna timu, ziache.

Kabla ya kutoa hela

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya 2019, zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na zinaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Dai majibu ya maandishi: video inapita nchi gani, rekodi zinakaa wapi, na kumbukumbu za nani alimpigia nani zinahifadhiwa kwa muda gani. Hiyo ya tatu husahaulika, ingawa kujua tu kwamba fulani alizungumza na daktari wa magonjwa ya akili tayari ni siri iliyovuja.

Kisha fikiria bando la mgonjwa. Video ya megabiti 1 kwa sekunde, kwenda na kurudi, inakula karibu MB 450 kwa nusu saa. Sauti peke yake kwa Opus (mfumo wa kubana sauti) ya kilobiti 32 ni kama MB 15. Huduma isiyojua kushusha ubora wa picha yenyewe, au kuzima video na kubakisha sauti mtandao ukilegea, haifai huku kwetu hata iwe bure.

Tumia muda wa majaribio kwa simu ya bei ya chini, kwenye laini ya kawaida, nje ya ofisi. Fungua chrome://webrtc-internals kwenye kompyuta ya upande wa pili uangalie pakiti zinazopotea. Halafu zuia UDP yote kwenye ruta ya ofisi na upige tena: simu ipite kwa TURN kwenye bandari ya 443. Isipopita, rudi kwa muuzaji na tatizo hilo kabla hujampa namba ya kadi yako.