Negativu (filamu zenye picha iliyogeuzwa) za rangi na za nyeusi na nyeupe: zipi rahisi kuskani nyumbani?
Kiangazi cha Iringa kina vumbi, na vumbi ndilo linaloamua hapa. Skana yenye miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, hulitambua vumbi juu ya negativu za rangi na kulifuta yenyewe, kwa kuwa rangi zake hupitisha miale hiyo. Negativu za kawaida za nyeusi na nyeupe zina chembe za fedha zinazoizuia, hivyo skana hudhani picha yenyewe ni uchafu, ikaiharibu. Kwa hizi, zima kipengele hicho cha kufuta vumbi, pulizia hewa, pitisha brashi laini, madoa yaliyobaki uyafute kwenye kompyuta, moja moja.

Kusawazisha rangi ni kinyume: za nyeusi na nyeupe unageuza tu mwanga na giza, za rangi zina utando wa chungwa unaosumbua kweli.

Negativu za babu, alizopiga kijijini Kalenga, mimi naziskani alfajiri, kabla ya upepo.