Wakala wa kutuma pesa, Mtaa wa Kongo, Kariakoo: nyota nne

Kama una ndugu Goma, mashariki mwa Kongo, soma hii kabla hujajaza fomu popote.

Mume wangu ni mtu wa Masisi, hukohuko Kongo. Vita vilimfukuza wifi yangu na wanawe hadi kambi ya Bulengo, nje kidogo ya Goma. Waasi wa M23 wakauteka mji mwishoni mwa Januari 2025, na mwezi uliofuata wakawaambia watu wa kambini warudi vijijini. Warudi kwenye nini? Wifi akapanga chumba mtaa wa Ndosho, Goma, na kodi ikawa juu yetu.

Benki moja hapa mjini ilipokea hela yangu na makato ikakata, wakati benki za Goma zote zilikuwa zimefungwa. Hakuna aliyenitonya. Kurudishiwa hela hiyo nilihangaika mno.

Kijana wa dirishani hapa Kariakoo alianza na swali: "Mama, anayepokea anaweza kuvuka mpaka kwenda Gisenyi?" Akanieleza kwamba dola za mkononi zimekuwa adimu Goma, hivyo ukimtumia mtu kwenye simu, wakala wa kule anamkata sana kumpa taslimu. Akivuka mpaka kwa miguu, anapokea upande wa Rwanda. Wenye ndugu Bukavu anawaelekeza Kamembe, Rwanda vilevile.

Kisha akaomba picha ya kadi ya mpiga kura, maana kule Kongo kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha wengi. Kadi ya wifi ina majina matatu. Aliyaandika herufi kwa herufi, kwa mpangilio wa kadi, akanisomea, ndipo akabonyeza. Akaongeza: "Mwambie akague noti palepale. Dola iliyochanika hata padogo, Goma haipokelewi." Jioni ile wifi akapiga simu, ameshanunua unga, maharage na makaa.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu yule mama wa kaunta ya pili anataja kiasi chako kwa sauti ya mnadani, foleni nzima inasikia. Kariakoo hii! Na dola wanaikokotoa ghali kuliko duka la kubadilishia fedha. Feni yao sisemi.

Jumamosi wanafunga saa nane mchana. Nenda mapema, kabla wafanyabiashara wa mizigo ya Lubumbashi hawajajaa.