Every Door: programu ya kuweka miti ya mtaani kwenye ramani, tukiipima Dar es Salaam

Anayetaka kuiingiza miti ya mtaa wake katika OpenStreetMap, ramani huria inayotunzwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2004, ana zana kadhaa za kuchagua. Kwa mtu anayetembea kwa miguu, inayofaa zaidi kwa maoni yangu ni Every Door, iliyotungwa na Ilya Zverev. Haiuzwi, haina matangazo, inafanya kazi kwenye simu za Android na za iPhone, na ili kutuma kazi yako unahitaji akaunti ya OpenStreetMap tu. StreetComplete ni nyepesi zaidi, lakini kwa msingi wake huuliza maswali juu ya vitu ambavyo tayari vimo ramanini. Vespucci nayo ina uwezo mkubwa, ila humchosha anayeanza.

Programu hii ina sehemu maalumu ya vitu vidogo vya barabarani, kama vile mabenchi, nguzo za taa na miti, na hapo ndipo ilipojipatia sifa kwangu. Ukiifungua sehemu hiyo, unafanya kazi juu ya picha ya setilaiti, jambo lenye manufaa makubwa kuliko linavyosikika. Chini ya mwembe uliotanda, au katikati ya maghorofa ya Kariakoo, simu hukosea mahali ulipo kwa mita kadhaa, na mita hizo zinatosha kuuhamishia mti ng'ambo ya barabara au ndani ya ua wa mtu. Kwa kuwa mti wenyewe huonekana pichani, unaisogeza ramani kwa kidole mpaka alama ikae palipo na shina, ndipo unapothibitisha. Picha nazo huweza kuwa zimesogea kidogo, hivyo ni busara kuzilinganisha na majengo yaliyokwisha kuchorwa. Dar es Salaam ina bahati katika hilo, kwani tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa katika kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko.

Bando nalo haliliwi sana: taarifa za eneo unazipakua kabla ya kutoka, unafanya kazi bila mtandao, na mabadiliko hubaki ndani ya simu mpaka utakapoyatuma.

Penye upungufu ni katika fomu ya mti. Kila mti huhifadhiwa kwa tagi (lebo inayoieleza ramani kitu ni nini) ya natural=tree, kisha huja maswali kuhusu jani, kama ni pana au la sindano, na kama mti hupukutisha majani au hubaki kijani mwaka mzima. Maswali hayo hayakutungwa na Zverev. Yanatoka katika orodha ya pamoja ya jumuiya ya OpenStreetMap, na yanamfaa zaidi mtu wa nchi za baridi. Mkungu hupukutisha majani yaliyogeuka mekundu na kuchipua tena bila kungoja majira yoyote ya baridi. Mvinje wa ufukweni kwa macho ni mti wa sindano, kumbe zile sindano ni vijitawi, majani yake halisi ni magamba madogo mno, na mti wenyewe hauna undugu na misonobari. Mgeni wa kazi hii atajibu kwa kubahatisha, na jibu la kubahatisha ni heri liachwe wazi.

Kwa mkazi wa hapa, taarifa yenye thamani ni spishi, nayo ndiyo ningeitanguliza. Andaa orodha fupi ya majina ya kisayansi kabla ya kutoka: Azadirachta indica kwa mwarobaini, Terminalia catappa kwa mkungu, Tamarindus indica kwa mkwaju. Jina la Kiswahili laweza kuongezwa kwa tagi ya species:sw. Ukiwa na futi ya fundi cherehani, pima pia mzingo wa shina kwenye usawa wa kifua na uuandike kwa mita, maana kipimo hicho humwezesha mwingine kujua baadaye mti umekua kiasi gani.

Ukishatuma, taarifa hizo si zako peke yako. Mwanafunzi au ofisa wa kata anaweza kuzitoa kwa Overpass Turbo, tovuti ya kuchuja data za OpenStreetMap, na kuzifungua katika QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, mradi ataje chanzo na kufuata ODbL, leseni ya data za OpenStreetMap. Kunakili kutoka ramani za Google hakuruhusiwi kabisa. Vilevile, mti ukikatwa leo kwa ajili ya upanuzi wa barabara, alama yake itabaki ramanini mpaka apite mtu wa kuifuta, kwa hiyo anayepanga kuhesabu miti ya mtaa apange pia nani atarudi kuikagua.

Kwa miti ya barabarani, shuleni na kwenye viwanja vya wazi, naipendekeza bila wasiwasi. Kwa mikoko ya Kunduchi au Mbweni haifai: huko kuweka mti mmoja mmoja ni kupoteza muda, na kazi hufanyika vizuri zaidi kwenye kompyuta, kwa kuchora mpaka wa eneo zima la mikoko.