Bait: mikwaruzo iachwe ilivyo

Kabla hujaanza kuitazama filamu ya Bait, ingia kwenye mipangilio ya televisheni. Zima kinacholainisha mwendo, zima kinachofuta chembechembe za mkanda wa filamu, na picha iache na umbo lake la karibu mraba, lenye weusi kushoto na kulia. Ukiivuta ijaze kioo, nyuso zinanenepa. Ukiweza kupata diski, chukua diski: chembechembe za filamu hii hazitulii hata sekunde moja, na intaneti ikizidiwa huzigeuza mabonge ya kijivu.

Mwongozaji Mark Jenkin aliipigia Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa kamera ya Bolex ya kutia ufunguo kama saa, akitumia mkanda mweusi na mweupe wa milimita 16, kisha akausafisha mwenyewe kwa mkono. Ufunguo ukijazwa wote, Bolex huenda sekunde 28 hivi. Roli la futi 100 halifikishi dakika 3. Hapo hakuna mwigizaji wa kuzunguka chumbani akihutubia. Hadithi inajengwa kwa vipande vifupi: mkono unakaza fundo, buti linakanyaga ngazi, noti zinaingia kwenye kopo la akiba ya kununulia mashua. Dawa ya kusafishia mkanda isipoenea sawasawa, mwanga unapepesa. Mkanda ukijisugua, unakwaruzika. Vyote vimeachwa, na ni sawa, maana hii ni filamu ya watu wanaoishi kwa kazi ya mikono.

Sauti ndiyo inayowakwaza wengi. Bolex hunguruma, kwa hiyo maneno, nyayo na mawimbi viliingizwa vyote baadaye. Midomo na maneno hupishana kidogo, na kila neno linasikika kavu, kama limesemwa kabatini. Vumilia dakika 10, sikio litazoea.

Martin Ward, anayeigizwa na Edward Rowe, ni mvuvi asiye na mashua. Ndugu yake Steven amechukua ile ya familia na kuitembezea watalii. Nyumba ya wazazi imeuzwa kwa akina Leigh wa kutoka London, nao wameipamba kwa kamba za baharini. Kamba hizo ukutani zinaumiza kuliko ugomvi wowote: chombo cha kazi kimekuwa urembo wa watu wanaokuja msimu wa joto tu. Martin anatega wavu ufukweni, anangoja maji yapwe, anaokota samaki wachache. Kisha unazuka mzozo wa mahali pa kuegesha gari lake. Anayepwaya ni Tim Leigh, aliyechorwa kwa mstari mmoja. Mkewe Sandra ana utu zaidi.

Iliuzwaje bila nyota wakubwa? Ilionyeshwa kwanza tamasha la Berlin mwaka 2019, kisha BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, ikaiingiza kwenye sinema za Uingereza tarehe 30 Agosti. Rowe tayari alikuwa mchekeshaji anayejulikana Cornwall kwa jina la Kernow King. Ila mtaji mkubwa ulikuwa namna ilivyotengenezwa, na BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya 2020 ya watengenezaji wanaoanza ikaongeza nguvu. Ubaya wake, mazungumzo mengi yakaishia kwenye kamera, na nyumba zinazofungwa majira ya baridi zikasahauliwa.

Inachukua dakika 89. Lafudhi ya Cornwall ni nzito, hivyo washa maandishi tangu mwanzo.