Soksi za Mtoto Zenye Kroshia na Shanga: Nini Kinunuliwe Kwanza

Akika au ubatizo ukikaribia, wengi wetu tukiingia dukani tunakimbilia shanga. Zinang'aa, zinavuta macho, na muuzaji naye anazitandaza mbele kabisa. Ushauri wangu ni kuziweka mwisho wa orodha. Pesa zianze kwenye soksi yenyewe, zifuate kwenye uzi, na shanga zinunuliwe tu kama umri wa mtoto na shughuli yenyewe vinaruhusu.

Soksi

Namba moja ni soksi ya rangi moja, ya pamba iliyochanganywa na nailoni au elasteni (uzi unaovutika) kidogo, yenye pindo linalokunjwa kwa nje. Pamba tupu hulegea ikifuliwa mara chache, na soksi iliyolegea haikai mguuni. Pindo ndilo hasa unalolilipia: kroshia ikifumwa pembeni mwake, mapambo yote hulalia nje ya soksi, wala hayagusi ngozi ya kifundo cha mguu.

Namba mbili ni soksi ya kawaida isiyo na pindo. Inafaa kwa mapambo ya uzi peke yake.

Namba tatu ni soksi zenye picha za wanyama au maua yaliyofumwa kiwandani. Igeuze ndani nje kabla hujalipa. Nyingi utazikuta na nyuzi ndefu zinazoruka kutoka rangi moja hadi nyingine, zinaning'inia upande wa ndani. Uzi mmoja wa namna hiyo, au hata unywele wa mama ulioingia humo, ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto hukata mzunguko wa damu. Kidole huvimba na kuwa chekundu, mtoto analia, na nyumba nzima inahangaika na tumbo wakati tatizo liko mguuni. Ukikuta nyuzi hizo, irudishe kwenye meza ya muuzaji.

Chukua saizi inayozidi kidogo mguu wa mtoto, kwa sababu kroshia hupunguza mvutiko wa mdomo wa soksi.

Uzi

Uzi wa pamba wa kroshia namba 10, ule mlaini unaong'aa, hauna mpinzani kwa kazi hii. Mng'ao wake unatokana na dawa ambayo pamba hupitishwa kiwandani, njia iliyoanzishwa na John Mercer huko Uingereza mwaka 1844. Dawa hiyo huongeza nguvu za uzi na kuufanya ushike rangi vizuri. Kumbuka namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba zaidi: namba 20 ni mwembamba kuliko 10. Kwa namba 10 nunua sindano ya kroshia ya chuma ya milimita 1.5.

Anayetaka ukingo mwembamba kama lesi achukue pamba ya perle, uzi wa kudarizi uliosokotwa unaong'aa, namba 8 au 12; namba zake zina hesabu yake, hazilingani na za uzi wa kroshia. Ni nzuri mno, ila inataka mkono uliozoea na macho yasiyochoka.

Uzi wa akriliki, ule unaouzwa kwa ajili ya masweta, nauweka wa tatu. Ni rahisi kuupata na rangi zake ni nyingi, lakini kwenye soksi ndogo unatoa ukingo mnene unaoficha mguu, na ukifuliwa unaota vinyweleo.

Uzi wa dhahabu na fedha usiununue kwa kazi ya mtoto. Pitisha kipande chake kwenye upande wa ndani wa kiwiko chako, utahisi unavyokwaruza.

Shanga

Viwango vya usalama vya vitu vya watoto chini ya miaka 3 hupima hatari ya kukaba koo kwa kijisilinda chenye upana wa milimita 31.7. Kitu kinachoingia chote humo huhesabiwa kuwa kidogo mno kwa mtoto. Ushanga wa kufumia una milimita 2 hadi 4. Na mtoto akifika miezi minne, mitano, hugundua miguu yake, akaishika na kuipeleka mdomoni, soksi na yote yaliyomo.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni vishanga vya uzi. Fuma mishono mitano kwenye tundu moja, ifunge pamoja kwa kitanzi kimoja, na utapata kidonge cha mviringo kilichosimama. Vipange pembeni mwa pindo, kimoja kila baada ya mishono minne, kwa rangi nyingine na ile ya soksi. Kwa mbali utasema ni shanga kweli. Hakuna cha kung'oka, na mtoto anaweza kuzivaa siku nzima.

Chaguo la pili ni shanga za kioo, kwa soksi za shughuli tu: zinavaliwa mtoto akiwa mikononi mwa mtu mzima, zikapigwa picha, zikavuliwa kabla hajalazwa. Nunua namba 8, zenye takriban milimita 3; tundu lake linapitisha uzi namba 10. Za namba 11, ambazo ni ndogo zaidi, zitakutesa, uzi haupiti. Shanga za Jamhuri ya Czech, ambazo Wamasai wamezitumia kwa miaka mingi, zinalingana ukubwa kuliko nyingi za bei ya chini. Kabla ya kununua, lowesha chache na uzisugue kwenye kitambaa cheupe. Zikiacha rangi, ziache.

Zitunge zote kwenye uzi kabla ya kuanza kufuma, uzidishe kadhaa kwa kuwa zenye kasoro hazikosekani. Kila ushanga ukifumwa ndani ya mshono wake, hubanwa pande zote mbili. Zile zinazoshonewa baadaye kwa uzi wa cherehani hutegemea fundo dogo, tena fundo hilo linakaa upande wa mguu.

Lulu za plastiki ni za tatu, na zimeachwa mbali. Ganda lake la rangi hubanduka. Za kubandika kwa gundi hazimo kabisa kwenye orodha yangu: maji ya kufulia yanatosha kuzing'oa.

Jambo moja la mkono, kwa sababu huharibu kazi nyingi nzuri: mstari wa kwanza ufumwe soksi ikiwa imevutwa. Ivishe kwenye chupa ya maziwa ya mtoto, tia mishono ya msingi kwa sindano ya kushonea kila baada ya milimita 3 au 4, ndipo uingize sindano ya kroshia. Ukifuma ikiwa imelala mezani, ukingo utapendeza lakini mguu hautapita.

Ukinunua zilizokwisha kufumwa

Vuta mdomo wa soksi kwa vidole vinne. Ukisikia uzi unalia, hautadumu. Vuta kila ushanga kwa nguvu, mmoja mmoja, mbele ya fundi, naye fundi mzuri hatakasirika. Ingiza kidole ndani upapase kama kuna mafundo. Mwombe pia akufumie jozi ya pili isiyo na shanga, kwa uzi uleule: hiyo ndiyo mtoto atakayoivaa nyumbani.