Forodhani usiku: nenda na njaa, ila uliza bei kwanza

Jamani Forodhani, ile bustani ya vyakula vya usiku pale Mji Mkongwe Zanzibar, bado iko poa, sema ujue pa kula. Magharibi ikiingia tu wapishi washapanga meza zao pale bustanini karibu na lile jumba la kale la Beit al Ajaib, moshi wa mishikaki unakufata mpaka unapokaa. Mi lazima nianze na urojo, ule mchuzi mzito uliokolea embe mbichi, wanakutilia bajia, kachori, viazi, mishikaki, halafu juu chipsi za muhogo na chatne ya nazi na pilipili, ukimaliza bakuli kamasi zinakutoka na bado unataka lingine. Zanzibar pizza nayo usitegemee pizza, ni unga mwembamba umekunjiwa nyama ya kusaga, yai na kitunguu, unakaangwa hapohapo, ikipoa haina maana tena. Shida meza za pweza na kamba, vinapendeza macho kweli ila vingine vishapikwa zamani vinapashwa tu, na muuzaji mmoja kanitajia bei ya watalii, nilipomjibu Kiswahili ikashuka yenyewe eti "ya ndugu yangu" 😂. Juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu usiiache, waambie wakukamulie mbele yako.