TAHADHARI: Anauza safari za Saadani kwa picha za Amboseli

Jamani, tumepigwa. Tulikuwa sita, kila mmoja katoa kianzio cha shilingi 150,000 kwa siku mbili Hifadhi ya Taifa ya Saadani: gari, malazi, kiingilio na boti ya Mto Wami. Jumamosi saa 10 alfajiri tuko Mwenge, Dar es Salaam, na mabegi. Mama mkwe wangu kavaa kofia mpya ya jua, na giza lile! Gari halikuja. Ilipofika saa 12 simu ya jamaa ikawa haipatikani, na mimi ndiye niliyewashawishi wote.

Simtaji, maana majina ya kurasa anabadilisha kama shati. Mtambueni kwa mbinu zake.

Picha yake kubwa ni tembo wakiwa na mlima wa theluji nyuma yao. Huo ni Kilimanjaro ukitazamwa kutoka Amboseli, Kenya. Ufukweni Saadani mbele yako ni Bahari ya Hindi tu. Nilipomuuliza kuhusu vifaru akajibu, "Wapo wengi, kaka." Saadani hakuna vifaru. Kuna viboko na mamba wa Wami, twiga, simba ukibahatika, na kasa wanaotaga ufukweni Madete. Kasa wenyewe aliwaita "kobe wa maji chumvi". Nikacheka, nikaendelea kumwamini.

Pale kwenye kiingilio ndipo ningemkamata. Saadani iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ada yake hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba, ile ndefu inayoanza na 99. Nilipoiomba akasema mfumo unasumbua, "tuma kwenye namba hii, litakuja jina la shemeji." Maneno ambayo sote tunayatania kila siku, nami nikatuma! Tena alidai tukilipa mara moja inatosha hata tukiongeza siku, wakati kibali ni cha saa 24.

Wapo mawakala wengi wa kweli, na kianzio ni jambo la kawaida. Ila dai kumbukumbu namba na leseni ya wakala, kisha ipigie mwenyewe simu hoteli uliyoahidiwa. Mimi nilipiga baada ya kulizwa: hawakuwa na nafasi yoyote kwa majina yetu.

Namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli, na polisi nimeripoti. Jana nimeuona ukurasa una jina jipya, sasa anatangaza Mikumi. Tembo ni walewale, na theluji yao.